Mstari wa Chini wa Barua ya Bluu

Wiki iliyopita niliwaacha uani mwa kanisa, hapa Kiplombe, nikimtazama fundi Mbuthia akiondoka na sanduku lake la vifaa. Baadhi yenu mmeniandikia kupitia gazeti mkisema mnanihurumia. Msinihurumie bado. Someni kwanza ya leo.

Kwa aliyenikuta njiani, mimi naitwa Tryphosa Nabalayo. Ni sekretari wa kundi la akina mama ishirini na wawili tunaofuma sweta za shule, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Shule hutuagiza kupitia tovuti yetu. Tovuti hiyo ilitengenezwa na Mbuthia, fundi wa mashine zetu za kufuma, mume wa Betty. Na Betty ni rafiki yangu. Mashine yake na yangu zimepakana miaka tisa.

Kisha ikaja barua ya karatasi ya bluu. Juu ilikuwa na ngao kama ya serikali, na maneno makubwa mekundu: ILANI YA MWISHO. Ilisema jina la tovuti yetu liko karibu kufutwa, tusaini fomu na tulipe upesi. Ilikuwa ya Kiingereza, na desturi ya kundi letu ni kwamba barua ya Kiingereza inasomwa na sekretari, amesimama, kwa Kiswahili, mbele ya wote.

Niliisoma. Mbuthia alikuwa ametuambia mwezi wa nne kwamba jina limelipiwa mwaka mzima, kwa hiyo ilionekana ametudanganya. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Tukasaini fomu tukaituma.

Hayo niliwaeleza. Kuna jambo moja nililificha hata kwenu.

Chini kabisa ya ile barua kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo. Ulisema hii si bili, ni ombi la biashara, hamlazimiki kulipa. Niliuona, nikauelewa, nikauruka.

Mtauliza kwa nini. Sababu yenyewe ni ya aibu kwa udogo wake.

Mwezi mmoja kabla ya barua kufika, Mbuthia aliinua mkono kwenye mkutano.

"Mimi naonelea hizi barua ziwe zinapigwa picha, ziwekwe kwa grupu ya WhatsApp," alisema. "Kila mtu ajisomee. Asiyejua Kiingereza aulize watoto nyumbani. Tutaokoa saa nzima."

Wanawake wakapiga makofi. Mwenyekiti wetu, Mama Waiyego, akacheka akaniambia, "Sekretari, naona umepewa likizo."

Kila mtu alicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Shule niliiacha kidato cha pili. Sina shamba wala duka. Kusimama pale na miwani yangu, watu wote wamenyamaza wakiningoja nifungue mdomo, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho mwenzangu yeyote hakuwa nacho. Na huyu mtu wa bisibisi alitaka kukichukua kwa sentensi mbili.

Nilimchukia mwezi mzima huku nikimsalimia vizuri.

Sasa niwaeleze jinsi ninavyofanya kazi, maana mambo ya leo yote yako hapo. Sisimami na barua kabla ya kuipitia nyumbani na penseli. Juu ya kila mstari wa Kiingereza naandika Kiswahili chake, kidogo kidogo, ili nikisimama nisibabaike. Betty anaijua tabia hiyo vizuri. Hata penseli yenyewe ni yeye aliyenipa, ile ya kuchorea vipimo vya shingo.

Barua ya bluu niliipitia hivyo hivyo. Nilipofika mstari wa chini niliandika: hii si bili. Nikaangalia nilichoandika. Nikakumbuka yale makofi. Nikachukua raba, nikafuta.

Siku ya mkutano Mbuthia alisimama akiwa amepauka. "Nililipa. Risiti iko kwa email. Naomba niione hiyo barua."

"Si imesomwa?" Mama Waiyego akamjibu. "Sekretari, kuna kitu kimebaki?"

"Hakuna, Mama."

Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano nikaandika kwa mkono wangu kwamba sekretari alisoma barua yote.

Sasa tuendelee.

Jumatatu iliyopita Mama Waiyego aliingia chumba cha kufumia bila kusalimia. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ni mama mnene, mpole, wa asili ya Nyeri, na huwa hapazi sauti. Siku hiyo pia hakupaza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwalimu mkuu wa Burnt Forest amenipigia," alisema. "Alikuwa anatuagiza sweta mia mbili za kufungua shule. Ametuma email mara mbili, zinarudi. Akafungua website yetu. Mnajua amekuta nini? Magurudumu. Website yetu inauza magurudumu ya lori."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajutia.

"Hiyo ni kazi ya Mbuthia," Mama Waiyego akaendelea. "Tulimfukuza, sasa analipiza. Alitengeneza yeye, amebomoa yeye."

Betty aliacha kufuma. "Mama, Mbuthia hajagusa kompyuta tangu mumfukuze. Anatengeneza redio za majirani."

"Betty, wewe ni bibi yake. Ungesema nini kingine? Fuma tu."

Betty akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, kimya, nikijifanya natafuta ncha ya uzi.

Mama Waiyego akatoa bahasha nyeupe kwenye kibeti, akaniwekea juu ya mashine. "Na hii imeletwa leo. Duka moja la kompyuta kule Chepkoilel wanataka kumwandika Mbuthia kazi, awe mkubwa wa mafundi. Wanauliza sisi tuliokaa naye miaka sita kama anaaminika. Jumamosi utasomea members. Jumatatu jibu liende."

"Tuwajibu nini, Mama?"

"Andika hapana. Neno moja linatosha."

Alisema hivyo Betty akiwa palepale. Betty aliinuka, akasema anaenda kunywa maji, na hakurudi mpaka jioni. Nilikaa karibu na kiti chake kitupu nikifuma mkono wa sweta, na nilipomaliza nikaona nimeufuma mrefu kupita kiasi. Nikaufumua wote.

Nilijiona mchafu, wasomaji wangu. Sina namna nyingine ya kusema. Mtu alikuwa anakaribia kukosa kazi ya maisha yake, na barua ya kumkosesha ilikuwa inapitia tena mikononi mwangu. Ningeweza kusema pale pale. Nilichofanya ni kuwaza jinsi ya kulirudisha jina la tovuti kimyakimya, kila kitu kikae sawa, na mimi nibaki na miwani yangu.

Jumatano nilienda mjini kwa Chebet. Ni binti mwenye kibanda cha kompyuta nyuma ya soko, anawajazia watu fomu za serikali. Nilimwambia barua ni ya jirani yangu.

Chebet hakuisoma kuanzia juu. Alishuka moja kwa moja chini, kisha akanitazama.

"Mama, hii si bili. Imesema yenyewe hapa."

"Wameandika ndogo sana."

"Wanaandika ndogo makusudi. Wakishikwa wanasema, si tuliwaambia? Hilo jina la website huyo jirani yako alinunua kwa nani?"

"Kampuni moja ya Nairobi."

"Ni hii?"

"Sio hii."

"Wanaijua hii?"

"Hapana."

"Sasa mtu hujawahi nunua kitu kwake, anakuandikia ilani ya mwisho. Ya kwanza ilikuwa wapi?"

Jambo rahisi namna hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza, kwa sababu sekretari alikuwa amesoma kwa sauti nzito.

Chebet akabonyeza bonyeza kwenye kompyuta, akaigeuza nione. "Angalia record ya zamani. Jina lilikuwa limelipiwa mpaka mwezi wa nne mwaka ujao. Hakuna mahali lilikuwa linaenda. Na bei wameweka mara tatu. Lakini ubaya si bei. Hii fomu waliyosaini si ya kulipa, ni ya kuhamisha jina. Waliwapa na namba ya siri ya hilo jina?"

"Ilikuwa kwa faili. Nikawa... wakawapa."

Chebet akaendelea kana kwamba hakusikia. "Basi wamechukua jina lao wakawapelekea matapeli mkononi. Ndiyo maana email imekufa na website inauza vitu vingine."

"Inaweza kurudi?"

"Wakiripoti haraka. Jumatatu isipite. Waandikie ile kampuni ya kwanza ya Nairobi, na ile ofisi inasimamia majina ya website za nchi hii. Waeleze walidanganywa aje. Waandikishe kwa polisi pia, maana hawa watu wanatumia wengine barua kama hii kila siku na wengi wananyamaza kwa aibu. Mwenyekiti asaini, na yule mwenye akaunti asaini. Halafu waweke hii barua yenyewe, picha safi."

Akaiinua barua ili aipige picha. Akaisogeza karibu na taa ya mezani. Mkono wake ukasimama.

"Hii penseli ni ya nani?"

"Ya... sekretari wao. Huwaandikia Kiswahili."

"Kila mstari uko na Kiswahili juu yake. Huu wa chini hauna." Akapitisha kidole. "Ulikuwa nacho. Kimefutwa. Mama, huyu sekretari aliusoma huu mstari."

Nilivua miwani nikaanza kuifuta.

"Labda alikosea akafuta," nilisema.

"Labda. Lakini mwambie jirani yako amwangalie huyo mtu vizuri. Na asiguse hiyo karatasi tena. Ikionekana imechezewa, watasema barua wamejitengenezea."

"Nitamwambia," nikasema.

Akanichapia barua ya malalamiko, ikabaki sahihi tu. Nilitoka pale nikiwa nimejisengenya mwenyewe kwa mtu nisiyemjua, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia kweli huyo sekretari.

Alhamisi nilienda kwa Mbuthia. Nilihitaji sahihi yake, maana akaunti ya jina la tovuti ni yeye aliyeifungua.

Nilimkuta chini ya dirisha, redio imefunguliwa matumbo mezani. Aliinuka haraka akanifutia kiti. Sikutegemea kufutiwa kiti katika nyumba ile. Betty akaleta chai na viazi vitamu.

Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. "Fundi, nimefuatilia ile barua. Nimegundua ilikuwa ya matapeli, kuna mstari mdogo mwisho kabisa unasema si bili. Wewe ulikuwa umelipa kweli."

Mmesikia nilivyosema? Nimegundua. Nilijipa hata sifa.

Betty alifunika uso kwa leso. "Asante Yesu," alisema. "Nilimwambia huyu mzee, Tryphosa hawezi kutuacha. Nilimwambia atafuatilia."

Mbuthia aliweka bisibisi chini, akajifuta mikono polepole.

"Sekretari, mimi pia nina makosa," alisema. "Hiyo kampuni ya Nairobi ilinitumia email. Ilisema kuna ombi la kuhamisha jina, kama hukubali bonyeza hapa. Nilikaa na simu mkononi karibu nusu saa. Nikasema, mimi si wao tena, wakitaka kuhama wahame. Ilikuwa hasira tu. Ningebonyeza, hii yote haingefika hapa."

"Usijilaumu, Fundi."

"Hapana, wacha nimalize. Na ile siku ya WhatsApp. Betty alinikanya tukifika nyumbani. Aliniambia nimekuaibisha mbele ya watu, na hiyo kazi umefanya vizuri miaka yote. Nilikuwa nangoja nafasi nikwambie pole, halafu mambo yakaharibika. Basi leo nimesema. Pole sana."

Nilikunywa chai ili nisijibu. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, nikaendelea kunywa.

Alisaini barua ya malalamiko bila kuisoma, akanirudishia. Akasema jambo moja tu. "Najua Jumamosi utasoma barua yangu ya Chepkoilel. Sijui Mama Waiyego atajibu nini, hiyo ni shauri yake. Mimi nakuomba uisome yote."

Aliomba bila kinyongo, na bila kujua anachoomba.

Betty alinisindikiza hadi langoni. Tulitembea kimya, jambo ambalo si kawaida yetu. Tulipofika akashika kitasa hakukifungua.

"Tryphosa, huo mstari mdogo wa mwisho umeuona sasa. Siku ile hukuuona?"

"Macho, Betty. Hii miwani imechoka."

"Na ulikuwa umeipitia na penseli?"

"Nilipitia haraka."

Aliitazama miwani yangu. Kisha akafungua lango. "Ukanunue miwani," alisema. "Jumamosi tutaonana."

Ijumaa nilitoa ile barua ya bluu mara nne. Niliweka raba juu yake, nikaiondoa. Nilifikiria jiko. Lakini bila barua yenyewe hakuna malalamiko, na bila malalamiko jina halirudi, na Mbuthia anabaki mbomoaji. Nikachukua karatasi safi na penseli ya Betty nikaandika nitakachosema: niliuona mstari nikauruka makusudi kwa sababu nilikuwa na chuki na Fundi. Niliisoma mara kadhaa hadi nikaweza kuisema bila kuangalia.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Wote ishirini na wawili walifika, pamoja na Mbuthia, aliyeitwa na mwenyekiti asikie jibu lake akiwa amesimama mlangoni kama mtu asiye wa kundi. Betty alikaa mstari wa mbele na kazi yake ya mkono mapajani.

Nikasimama. Nikavaa miwani. Watu wakanyamaza, kile kimya nilichokipenda kuliko kitu kingine chochote, na siku hiyo nilikiogopa.

Nilisoma barua ya Chepkoilel yote, hadi jina la aliyeichapa. Je, mtu huyu anaaminika? Mama Waiyego tayari alikuwa na kalamu mkononi.

"Mama, kabla hujaandika," nilisema, "kuna barua nyingine nataka kurudia."

Nikatoa ile ya bluu. Minong'ono ikaanza. Nikasoma ngao, nikasoma ilani ya mwisho, nikasoma kila kitu kama siku ile. Nilipofika chini sauti yangu ilipungua, nikailazimisha itoke. "Hii si bili. Ni ombi la biashara. Hamlazimiki kulipa."

"Ngoja," Mama Waiyego akasema. "Rudia hapo."

Nikarudia. Nikaeleza niliyoambiwa na Chebet, kwamba jina lilikuwa limelipiwa mpaka mwezi wa nne, kwamba tulisaini kulihamisha sisi wenyewe, kwamba fundi hakubomoa chochote. Nikainua barua ya malalamiko yenye sahihi ya Mbuthia. Mama mmoja kando ya ukuta akaanza kulia taratibu. Wengine waligeuka kumtazama Mbuthia pale mlangoni, kisha wakaangalia chini.

"Huo mstari wa mwisho," Mama Waiyego akasema polepole. "Siku ile haukuwepo."

"Ulikuwepo, Mama."

"Sasa?"

Hapo ndipo palikuwa pangu. Maneno nilikuwa nayo kichwani, yamekaa tayari. Nilifungua mdomo.

Mama Waiyego aliniwahi. "Ni mimi," alisema, akijipiga kifua kidogo. "Siku ile mvua ilikuwa imekaribia, mimi ndiye nilikuharakisha. Nilikwambia, Sekretari maliza twende. Huo mstari ulikuponyoka. Si ndiyo?"

Alinifungulia mlango kwa mikono yake miwili. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama, na zote zilitaka niseme ndiyo. Hata Mbuthia alikuwa anaitikia kwa kichwa, ananisaidia.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Uliniponyoka."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mtu akasema mwanadamu si malaika. Makofi yakaanza nyuma yakaja mbele. Mama Waiyego alisaini malalamiko, akachukua barua ya Chepkoilel, na mbele ya macho yetu akaandika kwamba Mbuthia anaaminika kuliko sisi tuliomfukuza. Alimwita akae kwenye kiti, akamwomba msamaha mbele ya watu. Mbuthia alipita katikati ya viti akaja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nilijiambia imekwisha. Kazi ameipata, jina linarudi, jina lake limesafishwa. Nani ameumia? Nikaanza kuikunja barua ya bluu, mara ya kwanza, mara ya pili.

Betty peke yake hakuwa amepiga makofi.

Aliweka kufuma kwake juu ya kiti, akasimama.

"Naomba niione hiyo barua," alisema.

Yalikuwa maneno yale yale ya mumewe, na nadhani aliyasema hivyo kwa kujua.

"Betty, mama, si imesomwa?" Mama Waiyego alicheka kidogo, kwa furaha ya siku. Kisha akanigeukia, akaniuliza bila nia yoyote mbaya. "Sekretari, kuna kitu kimebaki?"

Siku ile nilijibu hakuna. Leo mdomo ulikataa.

Betty alinyoosha mkono akaitoa barua vidoleni mwangu. Sikuikaza. Aliikunjua, akaenda nayo dirishani ambako kulikuwa na mwanga, akaanza juu. Niliona kidole chake kikipita kwenye maandishi ya penseli, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Aliyajua maandishi yangu. Penseli ilikuwa yake.

Akafika chini. Kidole kikasimama palipofutwa. Akaiinua karatasi juu kabisa, ikalala kwenye kioo, jua likapita ndani yake, alama za maneno niliyofuta zikajitokeza.

Betty hajui Kiingereza. Kiswahili anakisoma vizuri sana.